Vinundu kwenye Fensi ya Shosho

Kabazi, 2 Juni 2025

Mugure mjukuu wangu,

Magoti yamepoa tangu mvua ipungue. Kikohozi chako je? Fensi yangu ya miti inaugua. Matawi yamejaa vinundu. Nimekutumia kijiti uone. Ni miche ya Makhanu mwenye kitalu hiyo, ile aliyoniuzia Machi. Nimewaambia akina mama kanisani wasinunue kwake. Jana alinisalimia, "Mathe, umeamkaje?" Nikamjibu, "Iulize fensi." Wewe unasoma, niambie dawa.

Shosho wako

Nakuru, 14 Juni 2025

Shosho mpendwa,

Kikohozi kimeisha. Nilipasua kinundu kwa wembe shuleni, tukakitazama kwa hadubini. Ndani amekaa mdudu mdogo mwenye gamba. Ananyonya utomvu, na mti unavimba kumzunguka. Kata matawi hayo, uyachome. Tuna mtihani, naishia hapa.

Mjukuu wako

Kabazi, 29 Juni 2025

Mugure,

Mimi mzima, nawe uwe mzima. Nimekata, nimechoma. Makhanu amefunga kitalu chake kwa kukosa wanunuzi. Tarehe kumi anahamia Mai Mahiu kupakia malori. Mkewe alipita hapa bila kuniangalia. Nimewaambia wenzangu hata mjukuu wangu wa sayansi amethibitisha.

Shosho wako

Nakuru, 3 Julai 2025

Shosho,

Sijui niulizeje afya yako leo. Mimi sikuthibitisha kwamba ni miche ya Makhanu. Lile tawi nililokuletea Agosti iliyopita nikalipanda kwenye fensi yako, nikasema nimepewa na mwalimu, nililikata kwenye fensi ya shule bila ruhusa. Lilikuwa na vinundu. Nilidhani ni machipukizi. Mwalimu Kihara anasema mdudu huyu akishakaa hatembei tena. Husafirishwa na anayebeba tawi. Nilijua ni kosa langu siku ile ile ya wembe. Nikanyamaza, kwa sababu unanisifu sana mbele za watu.

Tafadhali mwambie Makhanu kabla hajaenda. Ukishindwa, mpe barua hii.

Mjukuu wako, Mugure Ndegwa

Kabazi, 8 Julai 2025

Mugure,

Magoti yanauma, lakini nilikwenda. Ni kweli, vinundu vilianzia pale ulipopanda tawi lako. Niliketi kwa Makhanu, nikampa barua yako. Aliisoma polepole.

"Nitangoja hadi Jumapili," akasema. "Nataka kukusikia kanisani, mathe. Kwa sauti ile ile uliyowaambia wasinunue."

Nimeshika kalamu tangu asubuhi na karatasi ya maneno ya kanisani bado ni tupu. Wewe ulianzaje?

Shosho wako