Densi ya Kizuizi

Mwalimu Wambui,

Unaandikiwa na Odhis, fundi wa pikipiki hapa Pioneer, mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kulala na kuamka Eldoret. 2008, kwa vita vya uchaguzi, wenzangu walipoteza nyumba, ng'ombe, meno. Mimi nilifika kwa kizuizi cha barabarani na miguu, mikono juu, nikawaamkia vijana waliokilinda kwa Kikalenjin chao, "Chamgei" na lafudhi yangu ya Kijaluo, ya ziwani. Walicheka mpaka mmoja akaweka rungu chini, wakaniambia pita. Hiyo stori nimeipiga kwa kinyozi, kwa matanga, hata kwa daktari wa meno mdomo ukiwa wazi. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuisikia bila kucheka.

Ulikuwa umeniletea ile pikipiki yako nyekundu. Ndiyo tu umerudi kutoka Nairobi na masomo yako ya koreografia, neno ambalo mpaka leo siwezi kulitamka nikiwa nimesimama. Duka la mama yako kule Burnt Forest lilikuwa limechomwa, hata mabati hayakufaa tena. Nikamaliza stori, nikangoja kicheko changu. Ukaniuliza, "Mikono uliinuaje?" Nikakuonyesha, spana bado iko mkononi. Ukasema, "Hiyo ni mikono ya kuabudu." Nikakuambia hapana, madam, hiyo ni ya kuogopa. Ukasema mwili hautofautishi, ukaniambia nije kanisani Jumamosi na suruali isiyobana.

Hivyo ndivyo mtu wa darasa la saba aligeuka densa.

Watu sita kwa laini. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, ni kusikia pumzi ya mwenzako tu. Wa kwanza anafika kwa kizuizi, anainua mikono polepole, nguvu ikitoka mgongoni, si kwa vidole, halafu anapita. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ulikuwa wewe. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama stima imepotea, mbona hakuna muziki. Mwingine akasema hii si ibada, ni mazoezi ya wagonjwa. Hukubishana nao. Mimi ndiye ulikuwa unabishana naye, kwa sababu nilikuwa naongeza kiuno kidogo, si unanijua. "Odhis, wacha kuonyesha. Mungu si mtalii."

Siku tulicheza mbele ya kanisa, mama yako alisimama kutoka kwa kiti chake akainua mikono pamoja na mimi. Yeye, ambaye hakuwa amefungua mdomo kuimba tangu duka lichomwe. Yule mzee wa stima alilia ndani ya kofia. Baadaye mama yako alinishika mikono yote miwili akasema mimi ndiye ushahidi wake kwamba Mungu alikuwa barabarani siku ile. Nilifanya mzaha fulani. Sikumbuki ni upi.

Habari za huku. Mama yako amefungua duka tena, viazi na unga, na bado anapunja kidogo kwa kilo, usimwambie nimesema. Ukumbi wa kanisa wameupaka kijani kibaya sana, ungehama dhehebu. Pikipiki yako ninayo, inawaka kwa kiki ya tatu. Mimi bado sijazoea kuiona bila wewe juu yake. Basi.

Jumapili ijayo unafikisha mwaka tangu tukuzike. Mama yako ameomba hiyo densi ichezwe, na mimi niongoze. Nafasi yako amechukua Chebet, msichana anayesoma chuo pale Chepkoilel. Mazoezi ya kwanza tu, nimeshapita kizuizi changu na mbwembwe zote, akaniita. "Anko Odhis, wewe ukishapita, mimi huku nyuma nafanya nini?"

Nikaangalia daftari lako la densi, lile uliloniachia. Umeandika: wa pili anangoja. Nikamwambia angoje, kama kwa benki. Wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nangoja, halafu?"

Mwalimu, nikaamuru turudie, bila hata mzaha. Mimi! Tukarudia. Mikono yangu ilifika mabegani ikagoma. Nikasingizia bega, nikasema ni uzee, ni injini za wachina, nikaenda kukaa nje kwa ngazi.

Nikiwa pale nikaanza kukufikiria. Miaka yote hiyo ulisimama nyuma yangu kila Jumamosi na sikuwahi kugeuka kukuangalia. Stori yangu umeisikia labda mara mia, na hukuwahi kuniuliza nyuma yangu kulikuwa na nani. Mtu anayeuliza mikono iliinuliwaje, asiulize hilo? Sasa sijui kama hukujua, ama ulijua ukanisubiri. Ulikuwa na huo ukaidi.

Nimeibadilisha densi yako. Nisamehe. Wa kwanza akishapita anageuka, anarudi kwa kizuizi, anasimama kando ya wa pili, na mikono inainuka pamoja. Kama watapita ama hawatapita, hatuonyeshi. Chebet anasema sasa ana kitu cha kufanya. Hiyo sehemu tukiifanya sina kiuno cha kuongeza, naona ndiyo mara ya kwanza ninaomba kwa hiyo densi.

Jumamosi naenda Nakuru. Kuna mtu huko anaitwa Kimani, tulikuwa tunaziba pancha pamoja kabla ya 2008. Mguu wake wa kushoto haukunjiki tena. Akinifukuza nitarudi wiki inayofuata, na inayofuata. Jumapili, kabla hatujacheza, nitamwambia mama yako mbele ya watu, bila mzaha. Nimekuahidi.

Lala salama, Mwalimu. Daftari lako nitalifunika na karatasi ya nailoni, lisipate grisi.

Ile bahati ni uongo. Hawakuniachilia kwa sababu niliwachekesha. Waliniuliza kama namjua huyu aliye nyuma yangu, naye alikuwa Kimani. Nikasema simjui, ndipo wakaniambia pita.

Odhis