Shatha na Sahani ya Mchana

Gando, katikati ya Ramadhani

Mdogo wangu Tamima,

Salamu nyingi huko Maskati. Naandika kwa sababu kwenye simu ukianza kulia hatusikilizani. Mvua imenyesha, na mikarafuu ya marehemu baba imebaki miwili. Niliondoka hapa msichana nikarudi kikongwe, na bado nawaulizia watu waliokwisha kufa.

Binti yako anaendelea vizuri. Unakumbuka sote tulivyomsifu Shatha kwa kufunga sunna mfululizo? Huzuni ilimfanya akikimbie chakula, na funga ikawa kisingizio. Vidonge vya usingizi alivinywa ili asisikie njaa wala huzuni. Daktari wa Wete alisema mambo hayo matatu yamefungana, yatibiwe pamoja, na mwezi huu asifunge. Vidonge ameviacha taratibu, kwa uangalizi wa daktari huyo. Chakula ndicho kilichomshinda, tena akiona haya kula wenzake wamefunga.

Jana mchana jirani yetu Bi Time aliingia, akamkuta na sahani ya muhogo.

"Ala! Mchana kweupe, Shatha?"

Nilidhani Shatha ataisukuma sahani. Hakuisukuma.

"Mgonjwa mie, Bi Time. Nimeamrishwa kula, na leo nataka mwenyewe."

Bi Time akaichungulia sahani. "Muhogo mkavu ndio dawa gani? Ngoja."

Akarudi na mchuzi wa samaki wa nazi, futari ya mumewe. Shatha alikula akabakisha miiba, kisha akauliza kama kuna zaidi.

Lala usingizi leo, Tamima.

Dada yako,
Rawya