Maji ya Jumatano

Komarock, Nairobi
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Celine,

Pokea salamu za watu wa nyumbani, tungali hai na tungali na kiu. Hujambo huko Uswisi? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuachilia? Mama yako mdogo Rispa anauliza kama unapata ugali, au wamekwisha kukuzoesha jibini. Sisi hatujambo. Goti langu la kulia linatabiri mvua, na kama watabiri wengine wa nchi hii, linakosea bila kuona haya.

Adabu ilinitaka nianze na habari za harusi ya dada yako Jacklyne. Nimeshindwa. Nina hasira, Celine, na hasira ya mtu wa miaka sitini na minane haifai kufungiwa ndani, inapandisha presha. Harusi itangoja huko chini ya barua.

Wiki iliyopita ulinitumia kwenye simu ile ripoti ambayo nchi yetu itaisoma kwenye mazungumzo ya kimataifa ya maji tarehe ishirini na tisa. Uliandika kwa furaha, "Baba mdogo, mtaa wetu uko ukurasa wa kumi na saba!" Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikaichapisha yote, maana simu yangu hunionyesha mstari mmoja mmoja kama mtu anayeficha karata. Nimeisoma mara tatu, kamusi pembeni. Ukurasa wa kumi na saba unasema wakazi wa Komarock hupata maji kila siku na "wameridhika na huduma". Mwishoni kuna majina ya waliotayarisha, na lako limo. Jina la marehemu kaka yangu limo ndani ya jina lako.

Kila siku? Mwanangu, wewe umelelewa kwenye nyumba hii. Umeoga kwa kikombe mpaka ukamaliza kidato cha nne.

Ngoja nikueleze hiyo "kila siku" ilivyopatikana. Jumatano, tarehe kumi na tatu Agosti, walikuja wageni watatu kutoka kamati yenu ya maandalizi, wamevaa vizibao vinavyong'aa kama watu wanaokwenda kuzima moto. Walikaa dakika hamsini, na kumi kati ya hizo walikuwa wakitafuta mahali pa kuegesha gari. Msichana mmoja mpole, Lorraine, aliingia kwetu na tableti yake. Rispa alikuwa akisuuza vikombe, mfereji unamwaga.

"Mama, maji mnapata?"

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Kaa basi unywe chai."

Lorraine akaandika. Wewe unajua "tunamshukuru Mungu" ni nini kwetu. Ni jibu la aliyefiwa, la aliyepata mapacha, na la aliyeibiwa kuku. Yeye akaligeuza takwimu. Chai alikunywa, simnyimi sifa zake, na sukari aliongeza.

Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeuliza, "Na jana je?" Maneno matatu tu. Hayahitaji shahada wala gari.

Kinachoniunguza zaidi ni huko mnakokwenda. Wale wa nchi iliyo juu yetu kwenye ule mto wa mpakani, nimesoma habari zao. Huwatuma watu walewale wanne, mwaka baada ya mwaka, mpaka wamezeeka pamoja kwenye vile viti. Wanajua mto ulipungua lini na kwa vidole vingapi. Sisi kila mwaka tunapeleka sura mpya, kwa sababu kwetu safari ni zawadi, na zawadi lazima izunguke kila mtu alambe. Anayekwenda mwaka huu hajui aliyetangulia aliahidi nini. Akifika anauliza choo kiko wapi na kahawa ni saa ngapi. Kisha mtasoma ukurasa wa kumi na saba, na mzee mmoja wa upande ule atavua miwani polepole aseme: ikiwa watu wa mji wenu mkuu wanafungua mfereji kila siku na wameridhika, maji ya mpakani mnayalilia ya nini? Mtamjibu nini? Mtamshukuru Mungu?

Unakumbuka foleni ya mitungi pale kwenye kisima cha kanisa? Mtu anaacha mtungi wake kwenye mstari anakwenda kupika, na mtungi unamshikia nafasi, hakuna wa kuugusa. Lakini mfereji ukifunguliwa, mtungi usio na mwenyewe unasukumwa kwa mguu. Hauna mdomo wa kusema "mimi nilikuwa wa tatu." Nchi yetu kwenye hayo mazungumzo ni mtungi, Celine. Tumeshikiwa nafasi nzuri, kibao chenye jina letu kipo na bendera ndogo ipo, mwenye mtungi yuko kwingine.

Sasa nifike nilikokuwa nakuzungukazunguka.

Zamu yetu ya maji ni Jumanne na Ijumaa, na hata hizo ni za kwenye karatasi. Jumatano si yetu. Jumatano ni ya watu wa chini, huko kwa kina Ndunge, yule mama anayepika githeri ya mahindi na maharagwe, uliyekuwa ukimkimbilia ukitoka shule. Basi maji ya Jumatano yalifikaje kwa mfereji wa Rispa?

Niliyafungulia mimi.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Kiarie, alinijia siku moja kabla ya wageni. Akasema, "Mzee Walter, wageni wa serikali wakikuta mifereji imekauka, hiyo si aibu ya serikali. Ni aibu yetu. Mgeni haingii nyumba kavu." Nami nilikubali mara moja, ndivyo tulivyolelewa, wewe na mimi. Mgeni hupewa maji hata kama mwenyeji atalala bila kunawa. Miaka ishirini na sita nilifungua na kufunga koki za jiji hili, na ule ufunguo mrefu wa chuma bado uko nyuma ya kabati la Rispa. Nikafunga upande wa chini, nikafungua wa kwetu. Hata sikutoka jasho. Kiarie akanipiga bega: "Wewe bado fundi."

Saa tano Ndunge akapanda kilima na mitungi miwili mitupu. Sufuria zake zilikuwa kavu, na wajenzi wanaokula kwake walikuwa wamekwenda kula kwingine. Akanikuta mlangoni nikiwaaga wageni. Akaniangalia, akaliangalia lile gari.

"Ati mzee, leo maji yetu imekuja kusalimia wageni?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alijaza mitungi yake kwa mfereji wetu, akanishukuru. Akanishukuru, Celine! Kwa maji yake mwenyewe.

Kwa hiyo nikikasirikia ofisi yenu, usidhani nimejisahau. Miaka yote tumetafuta wa kumwambia shida yetu, na siku waliyokuja kuiona tuliifungia chumbani kama mtoto mwenye upele. Ninyi hamkuuliza, sisi tukaficha, na kati yetu imezaliwa ripoti nzuri yenye picha za rangi.

Barua hii inaletwa na Sakariye, yule mwenye duka la vitambaa, anayekuja huko kumwona dada yake. Ndani ya bahasha kubwa kuna kalenda tatu za kanisa kutoka jikoni kwetu. Rispa huzungushia duara kila siku maji yanapotoka, ili ajue lini ataloweka nguo. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemfundisha. Julai mwaka huu zamu zetu zilikuwa tisa, maduara manne. Agosti tisa, maduara mawili. Tarehe kumi na tatu hakuizungushia kitu. Ameandika kwa kalamu nyekundu: WAGENI. Hizo ndizo takwimu zenu, mwanangu, na zimekuwa ukutani karibu na chumvi muda wote huo.

Nenda nazo kwa mkubwa wako kabla ya tarehe ishirini na tisa. Ukurasa wa kumi na saba utolewe, au jina lako litolewe. Atume mtu kwa Ndunge, na mtu huyo aulize habari za jana na za juzi. Akisema muda umekwisha, mwambie wale wazee wanne wa juu ya mto hawakuanza juma lililopita.

Nimeweka pia karatasi moja niliyoandika kwa mkono na kutia sahihi, inayoeleza ni nani aliyegeuza koki siku ile. Kiarie ameniomba niichane. Anasema ule ufunguo ulipaswa kurudi stoo ya jiji siku niliyostaafu, na kwamba nitaitwa kujieleza, pengine na pensheni isimamishwe. Huenda ni kweli. Nimelifikiria siku nne, na Rispa amelifikiria nami. Asubuhi ya leo ndiye aliyeutoa ufunguo nyuma ya kabati akausimamisha mlangoni, niupeleke stoo nikitoka kwa Sakariye. Kwa hiyo usinifiche. Wakikuuliza, taja majina yangu yote matatu.

Harusi ya Jacklyne ni tarehe sita Desemba. Bwana harusi ni mrefu na hana maneno mengi, nampenda. Mjomba wako Austine anakusalimu, na Rispa anakusalimu mara mbili. Ndunge pia anakusalimu, anasema githeri yako ipo ukija siku yenye maji.

Mungu aliyekufikisha mbali akupe mdomo wa kusemea huko.

Leo ni Jumanne, zamu yetu. Nimefungua mfereji nikiandika mstari huu. Umekohoa mara moja, ukanyamaza.

Nami ni baba yako mdogo, ninayekupenda hata nikifoka,

Walter Odiwuor Ochola