Agapiti na Bati Lake Jeusi

Ni mwaka mmoja sasa tangu homa ikuchukue, Dokta wetu Agapiti, Januari ile ya 1994, ukatuacha Ifakara tukiwa midomo wazi. Leo tunakuandikia tumeshusha pumzi, na tunajua ungependa kusikia kwa nini.

Wengi hatukuielewa kazi yako ya chuo kikuu. Ulisema unachunguza ngozi ya vitu: rangi nyeusi inayopakwa juu ya bati, nyembamba kuliko utando wa uji, inayonasa jua na kuzuia joto lisitoroke. Kila likizo ulianika uani vipande viwili vya bati, cheupe na cheusi, na kila aliyepiga hodi alilazimika kuvigusa. Mama yako Domitila alipogusa cheusi alirudisha mkono mbio. “Umesoma miaka yote hiyo uje uniambie jua ni kali?” Ulicheka hadi miwani ikaanguka.

Ulipenda kuvua kwa ndoana mtoni Kivukoni, ukirudi na hadithi nyingi kuliko samaki. Kwenye kwaya uliimba besi kwa nguvu kuliko ufundi. Tunaikosa hata ile sauti.

Ulipofariki, mkeo Brigitha alikuwa na mimba changa. Akavishwa nguo nyeusi za ujane, azivae mwaka mzima. Alinong’ona kwamba wewe ulimkataza, ukisema nyeusi haimfai mtu, inaufaa mtambo wa kupashia maji uliouweka juu ya paa la jiko. Mama hakutaka kusikia. Mila ni mila, na watu wana macho.

Mwezi wa tatu, wakipalilia mpunga shambani Idete juani, Brigitha akaanguka. Mama alimwinamia, akaweka kiganja mgongoni pake, akakirudisha mbio kama siku ile ya bati. Kisha akamvua gauni jeusi palepale, akamfunga kitenge chake mwenyewe cha maua.

“Wifi, mwaka haujaisha!” shangazi yako Agnella alimaka. “Watu watasema nini?”

“Waseme. Mwanangu nimeshamzika. Huyu na kilichomo tumboni sijawazika, wala sitaki.”

Usidhani hatukuogopa kuvunja mila. Tumbo lilipomuuma Brigitha kidogo tu, shangazi alitutazama kwa jicho la “nilisema mimi.” Mama mwenyewe alilala na rozari mkononi. Lakini Julai Brigitha alijifungua salama. Binti yako Balbina alilia kwa nguvu kuliko ufundi, kama wewe kabisa, na kigelegele cha kwanza kilikuwa cha shangazi.

Jumapili hii baada ya misa, kama mila inavyotaka, watu watakuja nyumbani kumwona mjane akivua nyeusi. Hatakuwa na cha kuvua. Watakula wali wa Idete, waende zao. Nyeusi tumeibakiza pale ulipotaka, juu ya paa la jiko, inapasha maji ya kumwogesha Balbina.

Unakumbukwa na mama yako Domitila, mkeo Brigitha, binti yako Balbina, shangazi Agnella na ndugu wote wa Ifakara na Idete.

Daima tutakukumbuka, mwalimu. Mama anasema tukuambie kwamba somo limemwingia.