Tembo Aliyekanyaga Ndoo ya Suzana

Kakese, Mpanda
17 Septemba 2024

Kwako dada yangu Lucia,

Mwangaluka mayu. Naamini barua hii inakukuta hapo Ikola ukiwa mzima, magoti yamekupa nafuu na upepo wa ziwa hausumbui kifua chako. Sisi huku Kakese tupo salama. Suzana mke wangu anakusalimu sana, binti yetu Helena anakusalimu, na ng'ombe nao wangekuwa na mikono wangekupungia. Mimi mdogo wako ndiyo usiseme, nimenenepa mpaka mkanda wa marehemu baba umegoma kufunga.

Usishangae kuona nimeandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia magunia, herufi kubwa kama bango la mkutano. Nimekuhurumia wewe, umri umeenda, sitaki uhangaike kutafuta miwani. Simu ningepiga, lakini huko kwenu mtandao unakuja na kuondoka, na simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Kwa hiyo nampa karatasi hizi Deo, yule anayefuata dagaa huko kila wiki. Mtu wa darasa la nne kujaza kurasa nyingi hivi si mchezo. Mwalimu wetu angekuwa hai angetoa chozi.

Najua swali lako ni moja tu, nakuja lini. Shemeji yako Martin alinipigia. Alisema tangu Sabasaba umefunga mizigo, chanja za kuanikia dagaa umewagawia majirani, unalala kwenye mkeka maana hata kitanda umekifungua vipande, na kila gari likipiga honi barabarani unasimama. Alisema huku anacheka, akaniuliza kama gari langu linatembea kwa miguu kutoka Japani. Nilistahili, kwa sababu ni mimi niliyesimama kwenye matanga ya mumeo Amedeus, mbele ya ukoo wake wote, nikasema dada yangu harudi kwao kwa basi amebanwa na madumu ya mafuta. Nitamfuata mwenyewe, kwa gari langu, usukani nimeshika mimi, nimpakie na vyombo vyake vyote hadi jiwe la kusagia. Wakapiga makofi. Makofi yale bado nayasikia, dada, hata nikikohoa.

Gari ninalo. Hilo lijue kwanza. Ni Probox, boksi hasa, limekatwa mraba mbele na nyuma kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Halina madaha, ila nyuma linameza magunia manane ya mpunga na mbuzi akakaa juu akaona njia.

Sasa sikia nilivyolinunua, ili Martin akikuuliza uwe na la kumjibu. Nilisikia kwa watu wa mpunga kuwa kule Katumba kuna mkulima anaitwa Dieudonne, mmoja wa wale wenzetu waliotoka Burundi wakawa Watanzania, anauza gari lake ili anunue mashine ya kukoboa. Nikauza madume tisa mnadani, nikapanda bodaboda. Suzana alinisihi nichukue fundi, au angalau Helena, akaliangalie na jicho lingine. Nikamwambia mimi nimenunua ng'ombe kwenye minada yote kuanzia Shinyanga mpaka huku, sijawahi kuazima jicho la mtu.

Nilipofika sikulizunguka kulitazama kama wanavyofanya vijana wa mjini. Nililipapasa. Nilianza mbele, nikapitisha kiganja ubavuni taratibu mpaka nyuma, kama unavyompapasa dume ukitafuta uvimbe. Tairi nilizibonyeza kwa dole gumba. Nikaweka sikio juu ya boneti, nikanusa moshi wake. Nikamuuliza Dieudonne kabla yake lilikaa kwa nani, na huyo aliliachia kwa sababu gani. Halafu nikamwambia aliwashe aliache lingurume pale pale, maana ng'ombe mgonjwa hajionyeshi akitembea, anajionyesha akisimamishwa. Akauliza liwake mpaka lini. Mkewe Médiatrice ndiyo kwanza alikuwa ameinjika maharage, nikasema mpaka yale maharage yaive. Dada, kumbe yalikuwa maharage makavu ya mwaka jana! Dieudonne kila saa anatoka kuangalia mshale wa mafuta, anarudi ameshika kichwa, anamwambia mkewe achochee moto. Médiatrice akamjibu kuwa yeye hauzi gari, yeye anapika. Tulikula maharage gari bado linanguruma kama paka aliyeshiba. Hapo ndipo nilipotoa hela.

Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa kamba nyekundu ya kiatu. Nikaifungua nikamrudishia mwenyewe, kwa sababu kwetu kamba ya ng'ombe inabaki kwa muuzaji, zizi lake lisije likabaki tupu. Dieudonne aliigeuza geuza ile kamba, akaifunga kwenye mkono wake kama saa, akasema ahsante. Mtu mstaarabu sana.

Kutoka Katumba nilikimbia mpaka vumbi langu mwenyewe likafika hapa kesho yake. Kwenye simu nilikuambia ni jeupe. Si jeupe, ni la kijani kilichopauka, kama sabuni ya kipande. Nilibadili mawazo tu, jeupe linaonyesha uchafu.

Ningekuwa nimeshafika kwako siku nyingi, ila tumepata mkasa. Wiki tatu zilizopita, asubuhi, tembo alipita hapa nyumbani. Tena si tembo wa kusimuliwa, alikuwa kama nyumba ya ghorofa inayotembea. Alitokea upande wa majaruba ya mpunga, akasimama langoni, akalisukuma gari kwa paji la uso, taa ya kushoto ikapasuka na bampa likaingia ndani. Ndoo ya Suzana akaikanyaga ikawa chapati. Nilitoka na fimbo peke yake, nikampigia mluzi wa baba, ule niliomfukuzia simba mwaka wa ukame, akageuka akaondoka ameshusha masikio kama mtu aliyefukuzwa harusini. Fundi amenyoosha bampa, taa mpya imefungwa. Kwa hiyo usidhani nimelala.

Ngoja kidogo. Kuna mtu amegusa mlango wa gari.

Nimerudi. Ni kuku.

Siku hizi siwezi kukaa mahali, dada. Alfajiri natoka nalifuta vumbi, naingia, nafunga mkanda, nawasha, nazima. Nashuka nalizunguka. Naingia tena. Ng'ombe wameanza kunizoea kama kimoja cha vifaa vya gari. Juzi nilipakia kabisa jembe na turubai la kufunikia vyombo vyako, nikaaga, nikakaa kwenye usukani mpaka jua likawa kali, kisha nikashusha turubai nikasema mafuta hayatoshi. Mafuta yalikuwa yamejaa. Na ile ndoo Suzana hajaitupa. Ameitundika ukutani karibu na mlango wa jiko, na kila nikipita bega langu linaigonga, inalia. Nilimwomba aitupe. Alisema ataitupa siku akijisikia.

Nimetoka tena nikarudi. Hii ni karatasi ya tano na bado hujasoma kile nilichoshikia kalamu. Basi sikiliza, na ukifika hapa usimsomee mtu.

Hakuna tembo, Lucia. Tembo ni mimi.

Asubuhi ile nilikuwa nakuja kwako. Sikumuaga mtu, nilitaka wasikie tu nimeshafika. Nikawasha gari nikaelekea langoni. Mbele yangu niliona weupe, nikajua ndiyo uwazi kati ya nguzo mbili, ule mwanga wa asubuhi unaopita pale. Nikakanyaga mafuta. Ule weupe ulikuwa kanga ya Suzana, anarudi kisimani. Mama wa watoto sita aliruka kama mbuzi, ndoo ikaenda chini ya tairi, mimi nikaenda kukita kwenye nguzo. Niliposhuka nilimkuta amekaa kwenye tope la maji yake mwenyewe, anajishika miguu kuhakikisha ipo yote miwili. Hakunitukana. Alinyanyuka, akaokota ndoo, akasema chai imeshaiva. Ningeshukuru kama angenitukana.

Macho yangu yamekwisha. Yalianza masika, nikasema ni mvua. Kiangazi kikaja, watu wakaanza kuchoma nyasi, nikasema ni moshi. Unakumbuka mimi ndiye niliyekuwa nasimama juu ya jabali nakutajia ng'ombe wa watu walio ng'ambo ya mbuga, yule mwekundu ana baka kwapani, yule wa kijivu amekatika sikio. Sasa ng'ombe wangu mwenyewe namjua kwa kengele. Gari nililipapasa kwa sababu kulitazama nisingeona kitu. Nililipia jeupe, nikafika nyumbani nikawa najisifu kwa weupe wake mbele ya majirani, mpaka Helena akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kuwa baba, ni kijani. Na yale mambo ya kukimbia kutoka Katumba, nilikuja nimefuata taa nyekundu za lori la mahindi. Lilipunguza, nikapunguza. Liliposimama mjini kushusha mzigo nilisimama nyuma yake mpaka dereva akashuka kuniuliza kama nina ugomvi naye. Kalamu hii ya magunia nayo si kwa ajili ya macho yako.

Nilikwenda kwa daktari mjini, nyumbani nikasema nafuata chumvi ya ng'ombe. Alinimulika, akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Akasema hutolewa kwa kisu kidogo, mtu anarudi kwake kesho yake, na wengi wanaona vizuri tu baada ya hapo. Akaniuliza nitarudi lini. Nikamwambia nitamjulisha. Chumvi nikasahau kununua. Yule simba wa mwaka wa ukame alikuwa fisi, ukitaka kujua, tena alikuwa mmoja. Naogopa, dada. Naogopa kulala pale kitandani watu wananishikia jicho, nikaamka giza limekuwa giza kweli.

Jambo la pili ni Helena. Mwaka juzi aliniomba ruhusa ajifunze udereva, nikamwambia maneno mabaya, kwamba barabara za huku zinataka mwanaume na yeye akakoboe mpunga. Alikoboa kweli. Aliuza mpunga wake akajifunza kwa hela yake, leseni anayo, na mimi sijawahi hata kuiomba niione. Jana jioni aliliosha gari. Leo alfajiri nilipoingia kama kawaida yangu, magoti yakagonga usukani. Alikuwa amekisogeza kiti mbele, kwa kuwa miguu yake ni mifupi, akakiacha hivyo hivyo. Nikapeleka mkono chini nikirudishe. Mkono ukafika pale kwenye kile chuma cha kuvutia. Nimekaa hivyo muda mrefu, dada, magoti yamebanwa. Halafu nikashuka, nikamwachia kiti kilivyo, nikaja kukuandikia.

Kwa hiyo tunakuja Jumamosi ya tarehe 28. Tutaondoka hapa mapema tupite Kabungu kabla jua halijawa kali, na kabla ya adhuhuri tutakuwa kwako. Usifungue mizigo. Kwenye yale matanga nilisema nakuleta nikutunze. Sasa naomba nikugeuzie. Uje unipeleke kwa yule daktari, ukae upande wa kichwa changu, kama ulivyokaa nyuma ya zizi ukinishika mkono wenye mkaa, unanifundisha kuandika Malale juu ya kibuyu. Suzana ningemwomba, lakini huyo bado ananidai msamaha ambao sijauomba. Nikimaliza barua hii ndiyo nakwenda jikoni kuuomba.

Nisalimie majirani wote hapo, nisalimie Martin na watu wa ukoo wake, waambie tumbaku yao nitawaletea. Gari likisimama utaona upande wa usukani anashuka msichana. Mimi nitashukia mlango wa kushoto. Wakikuuliza, waambie mdogo wako amekuwa mkubwa, na wakubwa huendeshwa.

Hapana, usiwaambie hivyo. Waambie ilivyo. Nitakuwa nimesimama pale pale, nitasikia. Na ukiona nimenyoosha mkono kukusalimu nikaupeleka upande ambao wewe hupo, usicheke kwa nguvu, wewe uje uliko mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Malale Ndaki

Ndoo nimeigonga tena sasa hivi nikienda jikoni. Suzana ameniuliza barua imeisha. Nimemwambia imebaki mistari miwili, na hiyo si ya kuandika.