Hodani Amekula

Zaituni, shoga yangu,

Amejifungua! Leo asubuhi, jua limeshapanda. Naandika mbio mbio, usiucheke mwandiko. Hodani, binti wa Kisomali aliyehamia nyumba ya nyuma ya kwangu hapa Buyenzi baada ya sisi kukuzika, amezaa msichana mzito, na tumbo lake halina kidonda.

Hukumjua. Alikuwa kama wale wenzake uliowazalisha: mimba ikifika mwezi wa saba, chai na tende moja, basi. Unakumbuka tulivyodhani ni umaskini, tukawapelekea ndizi na samaki wa mukeke, sahani zikarudi zimejaa? Mpaka mmoja akaniambia kwa Kisomali, nikakutafsiria: wanajinyima ili mtoto awe mdogo, wasipasuliwe. Walikeketwa wakashonwa utotoni, na wamesikia kwamba daktari akiliona kovu lile hukimbilia kupasua tumbo. Ulicheka, ukalia, kisha ukamwambia: "Kula, we! Mutoto apana mwizi apite mu dirisha. Mulango tutamufungulia."

Nilimpa Hodani maneno hayo hayo. Alicheka hadi akashika kiuno. Jioni akamaliza sahani nzima ya maharage.

Hapo nikaogopa mimi. Nimemlisha, mtoto anakua, na aliyejua kuufungua mlango yuko kaburini! Esperansi, nesi wako, alikuwa amekutazama tu. Peke yake alikuwa hajawahi kufanya.

Alfajiri uchungu ukaanza. Milio ya risasi ya milimani ilipotulia na askari wakafungua barieri ya barabarani, tukamfikisha materinite, wodi ya kujifungulia. Esperansi akaliona kovu. Nilidhani atamwita daktari wa upasuaji. Akanigeukia: "Bibi, umwambie kila kitu mbele ya kufanya. Mama Zaituni alifanyaka vile."

Nikatafsiri: sindano ya ganzi, kisha mkato mdogo, kuelekea juu. Hodani amekamata kidole changu, anaitikia, "Haa. Haa." Zaituni, mkono wa Esperansi ulitulia kama wako! Mtoto akatoka akifoka kama muuza samaki.

Mama mkwe wa Hodani, tuliyekuja naye, akataka mzazi ashonwe tena kama alivyokuwa. Hodani, ambaye kwangu haongei ila Kisomali, akamjibu kwa Kiswahili chako: "Apana!" Esperansi alilazimika kutoka nje acheke.

Jina lako hawakumpa, usinune. Wamempa la mama yake Hodani, aliyebaki katika ardhi ya Mogadishu.

Tangu nikimbie kwetu Barawa, barua zangu zimekuwa za waliotutoka. Nilikuwa nimesahau jinsi ya kuandika kwamba mtu amekuja.

Pumzika, shoga. Hakuna atakayekubishia mlango tena. Sasa wanabisha kwangu. Yupo mwingine, mimba ya mwezi wa nane, naye hataki kula. Nakwenda kwake na sahani. Na huyu msichana wetu, nakuahidi, maadamu nina pumzi, hakuna wembe utakaomgusa.

Wako,
Faduma