Nafasi ya Leobardo Mbele ya Nyumba

Jumanne, 2 Julai 2019

Yadira kapiga simu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu Leobardo. Wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo — yeye, mjukuu wangu Itzel, na huyo Eleazar anayeishi naye siku hizi. Kwa gari. Kutoka Aguascalientes mpaka hapa Jiji la Mexico, kwa gari!

Nikamwambia, mwanangu, mgeni mwenye gari mji huu amejibebea kaburi lake. Nikamtolea sababu zote. Gari la namba za mkoani halitembei asubuhi mpaka ipite saa tano. Malori ya kuvuta magari yanapita kama mwewe. Uwanja wa kuegesha uliokuwa nyuma ya kanisa wameujengea maghorofa. Mtaa mzima una ndoo na makreti, kila mtu kaziba kipande chake. Njooni na basi, mtakula usingizi njia nzima.

Akasema mtoto ana plasta ngumu kuanzia nyonga mpaka vidoleni, mguu haukunjiki, basi gani litambeba? Na daktari wa mifupa anamtaka Jumatatu ya tarehe kumi na tano, saa sita mchana.

Sababu zangu zote ni za kweli. Hakuna niliyodanganya. Lakini ile yenyewe sikuitaja, na Yadira anaijua.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemuuliza mzee Filiberto kama anaweza kunitafutia nafasi ya gari moja, siku nne. Yeye ndiye mwenye kitambaa chekundu, analinda magari ya mtaa huu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akatazama mbele ya mlango wangu, pale penye ndoo ya zege. Nafasi tupu, imefagiwa. Kisha akatazama viatu vyake. Akasema atajaribu, Bi Herminia, ila haahidi.

Hajawahi kumruhusu mtu pale. Miaka mitatu na miezi minne. Hata gari la maiti ya jirani lilisimama mbele zaidi. Leobardo aliondoka na gari jeupe kupeleka vipuri kaskazini, akasema Jumapili atakula nyumbani, niipange ndoo mtu asichukue nafasi. Nikaipanga. Hajarudi yeye wala gari. Nimekwenda polisi, nimebandika picha, nimetembea jangwani na akina mama wenzangu waliopotelewa na watoto, tukichokoa ardhi kwa vyuma kutafuta waliofukiwa. Hakuna. Kwa hiyo naweka ndoo. Akirudi amechoka, azungukezunguke mtaani akitafuta pa kusimama? Kwao?

Watu wanafikiri nimechanganyikiwa. Wafikiri.

Jumapili, 7 Julai

Nimezungumza na Itzel kwenye simu. Ana miaka tisa, sauti imebadilika. Kanihadithia alivyoanguka kwenye ngazi za shule. Kisha akauliza, hivi hivi tu:

"Bibi, tutapaki pale pa baba?"

Nikamwambia pale baba atapahitaji. Akasema haya bibi. Bora angelia.

Jumatano, 10 Julai

Mvua tangu alasiri. Nimelowesha mahindi ya supu ya pozole. Nimefagia mbele ya mlango, nikaisogeza ndoo, nikairudisha palepale.

Ijumaa, 12 Julai

Wamefika. Nimechoka mno, lakini niandike.

Gari lilisimama katikati ya barabara maana hapakuwa na pengine. Kumtoa mtoto mwenye mguu kama ubao si mchezo — robo saa nzima. Nyuma wanapiga honi, wanatutukania mama zetu. Pikipiki moja ikapita katikati kwa nguvu, ikakosa mguu wa Itzel kidogo tu. Na hatua tatu kutoka pale kuna nafasi tupu ya kutosha gari na punda wake. Watu wote waliiona.

Eleazar ni mnene, ana upara, anaongea polepole. Kaniamkia "shikamoo mama" huku amembeba mtoto wangu — mtoto wa mwanangu — mikononi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilijiandaa wiki nzima! Akaniambia nisihangaike, atapata pa kuweka gari. Akaenda. Akarudi akitabasamu: amepata hapo kona, karibu kabisa.

Itzel amelala chumba cha baba yake. Mguu wake unatokeza nje ya kitanda, nimeuwekea kiti.

Jumamosi, 13 Julai

Lo! Asubuhi tairi zote nne chini. Na valvu nne zimepangwa juu ya boneti, kwa adabu, kama vijiko vya chai.

Eleazar, kumbe, alikuta kreti la fundi viatu akalihamisha kando. Alidhani ni takataka! Kwao ukikuta kreti barabarani unalisogeza, yameisha. Mzee Filiberto akamweleza taratibu kwamba hapa kuiba pochi ya mtu ni kosa dogo kuliko kusogeza kreti lake. Fundi viatu mwenyewe alikuwa mlangoni kwake akipiga misumari, hata hakuinua kichwa. Eleazar akaenda kumwomba radhi. Kweli, alikwenda. Wakapeana mikono, fundi akamwazima pampu.

Nilimwuliza Yadira kwa nini hakumwambia mambo ya ndoo. Akasema alimwambia juu ya moja tu, hiyo yangu. Asiiguse hata iweje.

Hilo limenichoma.

Gari likapelekwa mitaa mitano kutoka hapa, ng'ambo ya barabara kuu. Saa tisa walimpeleka mtoto akaone bustani, akale aiskrimu. Wakati wa kurudi, wakitoka kule lilikoachwa gari, mvua ikawakuta. Walizipungia mkono teksi, wapi! Eleazar kambeba Itzel mgongoni mitaa yote mitano, mguu umefungwa mfuko wa plastiki, mfuko ukapasuka. Waliingia maji yanawachuruzika. Plasta imelowa, pale chini ya goti inabonyea kama mkate kwenye maziwa.

Mimi nilikuwa dirishani. Mvua yote hiyo nilikuwa nimesimama dirishani naitazama nafasi ikilowa. Naona aibu kuandika. Lakini nisipoandika hapa nitaandika wapi.

Baadaye Yadira alikuja jikoni. Nilijua analoleta, nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Hakupandisha sauti.

"Mama, hata mimi nilimwekea sahani. Mwaka mzima, kila usiku. Itzel ndiye aliyeniuliza nitaacha lini, kwa sababu alikuwa anaogopa kukaa karibu na ile sahani."

Nikamwambia wewe ulimpata mwingine, mimi nitampata wapi mwana mwingine? Neno baya. Lilitoka tu. Yadira akachukua kitambaa, akaanza kufuta vyombo, tukavifuta vyote mpaka vikaisha.

Jumapili, 14 Julai

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kizingiti cha dirisha.

Itzel ameamka na homa. Mguu unamwuma, vidole vimevimba, vimekuwa na rangi ya zambarau. Yadira kampigia daktari: msisubiri kesho, mleteni sasa hivi. Gari la wagonjwa wanasema litachelewa saa mbili nzima, labda tatu. Eleazar amekimbilia gari kule ng'ambo.

Na leo gulio la Jumapili! Maturubai kutoka kona hadi kona ya pili, kumebaki njia moja nyembamba, magari yanapita yamebanana. Hakuna pa kusimama robo saa. Gari la Eleazar nimeliona likipita. Hakusimama, wa nyuma wanamsukuma kwa honi. Amezunguka. Amepita tena. Mara hii aliinua macho dirishani, akaitazama na nafasi, akaenda zake! Aende tena mtaa mzima, mtoto analia, na hataki kuniomba. Laiti angenitukana.

Yadira amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, kampakata Itzel, mguu umenyooka mbele. Hata yeye haniombi.

Mzee Filiberto amesimama kwenye nafasi. Kitambaa begani, mkono mmoja juu ya ndoo. Ananitazama mimi. Hataigusa bila neno langu, namjua, wala sitaki aguse bila neno langu. Nikisema, basi Leobardo leo hana pa kusimama. Leo tu? Mtu husema leo tu. Mwanangu, nisamehe. Mtoto wako anaungua.

Naliona gari kule kona, nyuma ya lori la machungwa. Linakuja.

Nimefungua dirisha. Nimesema, "Iondoe."

Hakusikia, gulio lina kelele. Ameweka mkono sikioni, anangoja. Itabidi niseme tena, kwa sauti.